Majimbo ya Marekani nimeyajulia kwenye kona

Watu wakinipigia kutoka nyumbani huwa wanauliza Marekani ikoje, na mi swali hilo silijibu mpaka waniambie wanaulizia wapi, Nebraska au West Virginia? Maana hizo ni kama nchi mbili, na ukiwa na tela la futi 53 nyuma yako unaijua tofauti yake mikononi hata kabla hujaona kibao cha kukukaribisha jimboni. Naendesha semi huku, mizigo ya masafa marefu, na kabla sijaja nilikuwa nashika stafu, ile fimbo ndefu ya vipimo, na kubeba vigingi kwenye mradi wa barabara, yule kijana ambaye mpimaji anamwambia sogea kushoto, rudi kidogo, haya piga hapo hapo. Kwa hiyo kona naziangalia kama dereva na pia kama mtu aliyewahi kuzipigia vigingi, na kadiri navyozidi kuzunguka ndo nazidi kuona kwamba ukitaka kuijua jiografia ya majimbo ya huku angalia tu kona zake zimekaaje, nani alishinda kati ya ardhi na injinia, na walikuwa na hela kiasi gani.

Tuanze na ramani. Ofisi ya sensa imeigawa nchi kanda 4, Kaskazini Mashariki ina majimbo 9, Kati Magharibi 12, Kusini 16 ukiongezea na Washington DC, halafu Magharibi 13. Mgawanyo huo ni mzuri kwa kuhesabia watu ila kwa dereva unapotosha vibaya, maana Kusini yao inaanzia Delaware inaishia Texas, yaani West Virginia ambako hata kupata eneo la tambarare la kujenga shule ni kazi, wameiweka kapu moja na Texas magharibi ambako unaweza kuona lori linalokuja dakika kadhaa kabla hamjapishana. Sisi barabarani tunagawa kwa ardhi. Kuna ukanda wa chini wa pwani, Atlantiki na Ghuba ya Mexico, kuna milima ya Appalachia upande wa mashariki, kuna tambarare za kati, kuna Milima ya Rocky, kuna majangwa na mabonde makavu ya Nevada na Utah, halafu kuna ukuta wa mwisho wa Sierra Nevada na Cascade kabla hujaifikia Pasifiki. Mipaka ya majimbo haijali sana hayo mambo. Colorado nusu yake ya mashariki ni tambarare tupu ya mahindi na ngano, mgeni anashangaa milima iko wapi, na ghafla baada ya Denver inakuja yote kwa mpigo.

Namba za barabara zenyewe zitakusaidia kujua uko wapi. Interstate, yaani barabara kuu zinazounganisha majimbo, zenye namba shufwa zinaenda mashariki na magharibi na zinakua ukielekea kaskazini, ndo maana I-10 iko chini kabisa na I-90 iko juu, zenye namba witiri zinaenda kusini na kaskazini na zinakua ukielekea mashariki, I-5 iko California, I-95 iko upande wa Atlantiki. Vibao vya maili vinaanza sifuri kwenye mpaka wa jimbo upande wa magharibi au wa kusini. Ukiingia Texas kwa I-10 ukitokea New Mexico unaanza kuhesabu, na unahesabu mpaka kama 880 ndo uone Louisiana. Siku ya kwanza kuona kibao hicho kikisema 880 nilidhani wamekosea.

Sasa kona. Kona ya barabara kuu ni kipande cha duara, basi, haina uchawi. Ukiwa saiti unanyoosha mistari miwili iliyonyooka mpaka ikutane, na pale inapokutana hamna barabara itakayopita, ni kigingi tu kiko peke yake porini, halafu kutoka pale unarudi nyuma kwa kila mstari umbali ule ule, unapiga kigingi cha kona inapoanza na kigingi cha kona inapoisha, na katikati yao unazungusha duara. Nusukipenyo cha hilo duara ndo kila kitu. Nusukipenyo kikubwa, kona pana, usukani unaugusa tu. Nusukipenyo kidogo, kona kali, na hapo ndo lori linaanza kukudai.

Hesabu yenyewe ni fupi na nimeibeba kichwani miaka yote. Unachukua mwendo wako kwa maili kwa saa, unauzidisha kwa wenyewe, halafu unagawa kwa 15 mara nusukipenyo kwa futi. Unachopata ni nguvu inayokusukuma nje ya kona ukilinganisha na uzito wako. Hiyo nguvu lazima ibebwe na vitu viwili tu, mlalo wa barabara, yaani ile lami ilivyoinuliwa upande wa nje wa kona, na mshiko wa tairi. Hamna cha tatu. Kwenye kona ya kwenda maili 60 ambayo imeinuliwa asilimia 8, injinia anakubali tairi zibebe kama asilimia 12 ya uzito, jumla 20, ukikokotoa unapata nusukipenyo cha futi 1,200. Ya maili 70 kwa mlalo ule ule inataka kama futi 1,810, maana mwendo umeongezeka kidogo tu lakini unazidishwa kwa wenyewe, na pia wanapunguza mshiko wanaokuruhusu kutumia kadiri mwendo unavyopanda, kwa sababu hawataki abiria wamwagikiwe na kahawa. Ule mshiko wa kwenye hesabu sio mwisho wa tairi hata kidogo, ni kiwango ambacho mtu wa kawaida bado anajisikia vizuri kwenye kiti. Kwa gari dogo kuna akiba kubwa sana imebaki hapo. Kwa semi, hiyo akiba sehemu kubwa ni ya kwenye karatasi tu, nitarudi huko.

Kilichonifungua macho zaidi ni huo mlalo. Nilidhani nchi nzima wanainua kona sawa, kumbe hapana, inategemea na hali ya hewa. Vitabu vya usanifu vinaruhusu mpaka asilimia 12, lakini kwenye theluji na barafu hawapandi hivyo, wanaishia 8 na sehemu nyingine 6 tu. Sababu yake utaielewa siku ukisimama kwenye kona iliyoinuliwa wakati barabara imeganda, foleni imesimama mbele, na unasikia tela linaanza kuteleza lenyewe kwenda upande wa ndani, taratibu, hujagusa kitu. Mlalo unaokusaidia ukiwa na mwendo ndo huo huo unaokuangusha ndani ukiwa umesimama kwenye barafu. Kwa hiyo majimbo ya baridi yanajinyima mlalo, na ukijinyima mlalo lazima kona iwe pana zaidi. Ile kona ya maili 70 ukishusha mlalo kutoka 8 hadi 6 nusukipenyo kinatoka futi 1,810 kwenda kama 2,040. Hizo futi 230 kwenye tambarare ni shamba la mtu unalipa unapita, kwenye mlima ni mwamba wa kulipua. Yaani theluji inapandisha bei ya kona hata mwezi wa saba.

Na kona haianzi ghafla. Barabara iliyonyooka ina mgongo katikati, maji yanaenda kushoto na kulia kwa kama asilimia 2. Ukikaribia kona upande wa nje unaanza kunyooka, unakuwa bapa, halafu unapanda mpaka barabara yote inalala upande mmoja. Hayo yanafanyika kwa umbali fulani, na sehemu nyingi wanaweka na kipande cha mpito ambacho kinazidi kukaza kidogo kidogo kabla ya duara lenyewe. Ukiwa na mzigo mrefu unausikia huo mpito vizuri, hosi, yaani kichwa cha lori, imeshaanza kulala huku tela bado liko bapa. Mbaya zaidi ni kona za S zilizobanana, ile ya kwanza inakulaza kushoto, ya pili inakulaza kulia, na kama katikati hawakuacha kipande cha kutosha cha kunyooka basi tela linajikunja kwa sekunde mbili tatu na mzigo wote unaamka. Mizigo ya nyama iliyoning'inizwa na matenki yaliyojaa nusu, hapo ndo penyewe.

Nebraska nimeitaja mwanzo kwa sababu. I-80 magharibi ya Lincoln kuelekea Grand Island inanyooka kama maili 70 hivi bila kona ya maana. Kuna stori ya vijiweni kwamba Interstate walizinyoosha ili ndege za kivita zitue, eti kila maili 5 moja lazima inyooke, hiyo mamlaka ya barabara kuu ya serikali kuu yenyewe imeshasema siyo kweli, hamna sheria kama hiyo. Pale paliponyooka ni kwa sababu ardhi ni tambarare na hakukuwa na kitu cha kukwepa. Kule Utah karibu na Wendover ni hivyo hivyo, I-80 inakatisha uwanda wa chumvi kama maili 40, kweupe pande zote. Ukiuliza madereva wengi, barabara hizi ndo zinawachosha kuliko milima, maana macho hayana kazi.

Lakini kona ninayoipenda kuliko zote iko hizo hizo tambarare, kwenye barabara ndogo za wilaya. Unaenda kaskazini South Dakota au Iowa au Kansas, barabara imenyooka kama rula, mashamba kushoto kulia, hamna mto hamna kilima, halafu bila sababu yoyote inapinda kulia, inaenda kidogo, inapinda kushoto, inaendelea kaskazini. Nilikuwa najiuliza nani alimzuia huyu mjenzi. Jibu ni la mwaka 1785. Mwaka huo Bunge lao lilipitisha sheria ya kuipima ardhi kwa miraba, miraba ya maili 6 kwa 6, ndani yake vimiraba 36 vya maili moja moja, kila kimoja ekari 640, na barabara nyingi za mashambani zikaja kufuata mistari hiyo. Tatizo dunia ni duara. Mistari inayoenda kaskazini inazidi kukaribiana, kwa hiyo miraba ingezidi kuwa myembamba ukipanda juu. Wapimaji wakaweka mistari ya masahihisho, sehemu kubwa kila baada ya maili 24, pale wanaanza upya kupima upana kamili, na ndo maana mistari ya juu haikai sawa na ya chini. Barabara ikifika hapo lazima iruke pembeni. Zamani zilikuwa kona za pembe mraba kabisa, nyingi wamezilainisha zikawa S. Mi kama mtu aliyewahi kushika stafu nikipita hapo lazima nitabasamu, maana wenzangu wa karne mbili zilizopita walilazimika kuikubali dunia kwamba ni duara na wewe na semi yako unalipa kwa kushusha gia mbili.

Miraba hiyo ndo inakuonyesha nchi ilipogawanyika. Majimbo 13 ya kwanza ya mashariki hayakupimwa hivyo, mipaka yao ni mito na migongo ya milima na mikataba ya wafalme. Ukienda magharibi mipaka inakuwa ya rula, Colorado iko kati ya latitudo 37 na 41, Wyoming iko kati ya 41 na 45, wamechora wakamaliza. Kichekesho ni kwamba kule mashariki kuna jimbo ambalo mpaka wake wenyewe ni kona, Delaware upande wa kaskazini na Pennsylvania, ni kipande cha duara chenye nusukipenyo cha maili 12 kutokea mahakama ya zamani ya mji wa New Castle. Kona nyororo kuliko zote nilizowahi kuvuka, na hamna anayeisikia.

Turudi kwenye Appalachia, maana hapa ndo nilipofundishwa kazi. Milima yake sio mirefu, Mount Mitchell ya North Carolina ndo ndefu kuliko yote mashariki ya Mississippi na ina futi 6,684 tu, kule Colorado hoteli za kuskii ziko juu kuliko hapo. Lakini ni migongo na mabonde yaliyopangana, yanatoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, mamia ya maili. Ukienda na mpangilio wake ni raha, I-81 kutoka Tennessee mpaka mpaka wa Kanada imelala bondeni sehemu kubwa, ndo maana malori yote yako pale. Ukitaka kukatisha ndo matatizo, una njia tatu tu, toboa, kata, au zunguka. Pennsylvania Turnpike ya mwaka 1940 ilitoboa. Maryland kwenye I-68 pale Sideling Hill walikata mlima futi 340 kwenda chini, unapita katikati unaona matabaka ya mwamba yamejikunja pande zote mbili. West Virginia sehemu nyingi wamezunguka, kwa sababu mito ilishachimba njia na barabara inafuata mto, na mto haujali nusukipenyo chako.

Mzee wa Kenya aliyenifundisha huku alikuwa na msemo wake. Tunashuka I-77, mbele kuna kona na kibao cha manjano cha mwendo, mi nashikilia namba ile ile iliyoandikwa. Akaniuliza, "Kijana, hiyo namba ya manjano umesoma ni ya nani?" Nikamwambia ya wote mzee. Akasema, "Hiyo ni ya Corolla. Wewe toa kumi, halafu tuongee."

Na hakuwa anatania. Kibao cheupe ni sheria, kibao cha manjano ni ushauri, na ule ushauri kwa miaka mingi umepatikana kwa kuendesha gari dogo kwenye kona likiwa na kifaa chenye kigololi ndani ya kioo kilichopinda, kama pima maji ya fundi uashi iliyokunjwa. Gari linapita kwenye kona kwa mwendo fulani, wanasoma kigololi kimepanda nyuzi ngapi. Kwa mwendo wa maili 35 na kuendelea mpaka nyuzi 12 ilikubalika, maili 25 na 30 mpaka 14, maili 20 kushuka mpaka 16. Anayepima amekaa kwenye gari lenye tumbo karibu na ardhi. Hamna tela zito nyuma yake, wala mzigo uliopangwa mpaka kwenye dari. Hata kitabu cha kusomea CDL, leseni ya kuendesha malori, kinakwambia wazi kwamba malori yenye mzigo wa juu yanaweza kupinduka kwenye mwendo ule ule ulioandikwa, ila nani anakisoma akishapata leseni.

Niwape hesabu ya kona moja tu halafu mtaona. Chukua mzunguko wa kutokea haiwei, wa mwendo wa maili 30, umeinuliwa asilimia 8, nusukipenyo chake ni kama futi 214. Ukiingia na 30, nguvu ya kwenda nje ni 28 kwa mia ya uzito wako, toa mlalo 8, inabaki 20. Uko salama. Ukiingia na 35 inabaki 30. Ukiingia na 40 inabaki 42. Sasa gari dogo kulipindua kwa nguvu ya pembeni peke yake unahitaji karibu uzito wake wote, kwa hiyo litaserereka kabla ya kupinduka. Semi iliyopakiwa vizuri na mzigo wa juu inapinduka nguvu hiyo ikifika 35 mpaka 40 hivi kwa mia ya uzito wake, na tenki lenye kimiminika kinachocheza linaweza kuondoka kabla ya hapo. Yaani kati ya salama na kulala chali ni maili 10 kwa saa, na lori halikupi onyo, tairi hazilii kwa sababu mshiko bado upo, ni tela tu linanyanyua miguu ya ndani. Dereva amekaa kwenye hosi mbele, tela limeungwa kwa nyuma, anachelewa kuisikia. Nimepita kwenye matela yaliyolala kwenye hiyo mizunguko zaidi ya nilivyowahi kuyaona mlimani, na karibu yote dereva alikuwa ametoka kwenye haiwei ya 65 au 70 ambako masikio na macho yameshazoea mwendo, akashuka mpaka 40 akaona ametambaa. Ndo maana wanaweka kile kibao cha lori linalopinduka chenye mwendo chini yake. Hicho mi nakiheshimu kuliko cheupe.

Halafu kuna futi 53. Tairi za nyuma za tela hazipiti zilipopita za mbele, zinakata ndani. Kona kali unalazimika kuipa hosi upande wa nje ili tela lisiparuze ndani, na kama njia ina upana wa futi 12 za kawaida za Interstate utatosha, lakini ukitoka ukaingia barabara za zamani hesabu inabadilika. Pale mpakani mwa Tennessee na North Carolina kuna US 129, wapenda pikipiki wanaijua, kona 318 ndani ya maili 11. Upande wa Tennessee wamepiga marufuku magari yanayozidi futi 30, maana semi ikiingia pale inachukua njia zote mbili na anayekuja na pikipiki hana pa kwenda. Jipiesi ya simu haijui hayo, inakuonyesha tu kwamba ni njia fupi. Kaskazini Mashariki nako ni hivyo hivyo kwa sababu nyingine, zile parkway za New York na Connecticut zilijengwa kwa ajili ya gari ndogo, kona za kubana na madaraja ya chini, lori haliruhusiwi kabisa. New Hampshire I-93 ikifika Franconia Notch inabaki njia moja kila upande, maili 45, Interstate lakini wameibana makusudi kuilinda ile sura ya mwamba iliyoitwa Mzee wa Mlima, na ule mwamba ukaja kuanguka wenyewe mwaka 2003. Barabara imebaki nyembamba vile vile.

Magharibi ni mchezo mwingine, kona peke yake siyo tatizo, ni kona na mteremko kwa pamoja. Colorado I-70 inapita kwenye handaki la Eisenhower, zaidi ya futi 11,000 juu ya bahari, halafu unaanza kushuka kwenda Denver, unashuka, unapanda, unashuka tena, na pale unapoanza kuona taa za jiji unasema nimemaliza. Wameweka kibao kabisa cha kuwaambia madereva wa malori wasidanganyike, bado maili 4 za mteremko mkali na kona. Aliyeandika kile kibao alishaokota watu. Oregon kwenye I-84 kuna Cabbage Hill, futi 2,000 ndani ya maili 6, asilimia 6, na katikati ya mteremko barabara inajikunja mara mbili mpaka unaona upande wa kwenda chini yako. Hapo sheria ya kupunguza mwendo kabla ya kona sio ya adabu, ukishaingia ukakanyaga breki ndani ya kona umeshatumia mshiko kwa vitu viwili kwa wakati mmoja, na breki zenyewe zimeshachoka kwa joto. Gia ya chini unaichagua juu kileleni, injini breki inafanya kazi, mguu unabaki wa dharura.

Na bado kuna kuona. Kona iliyokatwa kwenye mwamba inakuficha kilichoko mbele. Kwa maili 70 injinia anataka uone futi 730 mbele, za kufikiria na kusimama, na upande wa ndani wa kona kukiwa na ukuta wa mawe lazima ausogeze nyuma au ashushe mwendo. Kwenye bonde kama la Mto Pigeon, I-40 kati ya Tennessee na North Carolina, ukuta upande mmoja na mto upande wa pili, hamna pa kusogeza chochote, kona zimefuatana, malori yanapangwa mwendo wao. Hilo bonde nalichukia na nalihusudu. Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yalijaza mto, maji yakala ukingo, na njia za kwenda mashariki zikaondoka sehemu kadhaa, lami ikabaki inaning'inia. Walikuja kufungua Machi 2025, njia moja moja kila upande, mwendo maili 35, na ukingo mfupi wa zege katikati. Ukipata mzigo kutoka Knoxville kwenda Asheville muulize dispacha, yule anayekupangia mizigo, kwanza hali ikoje wiki hiyo, na kama mzigo ni mpana kataa tu, pitia I-81 halafu I-26, ni mbali zaidi na I-26 nayo ina mteremko wake pale Sams Gap, ila kuna pa kupitisha mabega ya lori.